Darubini Niliyoisimamisha Juani

Vijana wa idara ya upimaji waliniaga kwa soda, keki na kofia ngumu mpya, zawadi ambayo mstaafu hajui aivae akienda wapi. Kisha wakaniomba niwaandikie machache kuhusu kazi ilivyokuwa zamani, enzi za kutembea na vyuma begani, kabla ya hizi ndege zao ndogo zinazopiga picha mlima mzima wao wakiwa wamekaa kivulini. Hii ni wiki ya tatu niko hapa nyumbani Nyasubi nikijaribu kuanza. Ningeweza kuanza na mashimo yaliyoporomoka, au nyoka, au gari lililolala siku nne kwenye tope la mbuga. Hayo mnayajua. Nitawaeleza jambo ambalo hadi leo likinijia nikiwa njiani, miguu husimama yenyewe.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa juu ya kilima kimoja upande wa Geita. Mkuu wangu aliitwa Bwana Mihayo, Msukuma mrefu asiyependa maneno mengi, aliyevaa kaunda suti porini kana kwamba waziri angepita wakati wowote. Alinikabidhi theodolaiti, chombo chetu cha kupimia pembe, ambacho juu yake kina darubini ndogo inayozunguka. Akaniambia nitafute bikoni, ile nguzo ya alama ya wapimaji, iliyokuwa kwenye kilima cha magharibi. Nami nilikuwa na haraka ya kuonekana najua. Nikaizungusha ile darubini jicho langu likiwa bado kwenye tundu la kutazamia. Kabla sijafika nilikokuwa nakwenda, kiganja kikubwa kikaniziba uso mzima.

"Unataka upofu siku ya kwanza?" Mihayo aliuliza. "Ngoja basi hata tule chakula cha mchana."

Darubini ilikuwa inaelekea kwenye jua. Mihayo akaokota jani kavu, akalishika nyuma ya tundu lile lililokuwa na jicho langu. Doa jeupe dogo, dogo kuliko punje ya mtama, likatua juu ya jani. Sikuhesabu hata tano. Uzi wa moshi ukapanda, jani likatoboka, na kingo za tundu zikawa zinatembea zikiwa nyekundu. Niligusa bomba la darubini nikitegemea kuungua. Lilikuwa na joto lilelile la kawaida la chuma kilichokaa nje.

"Lenzi ya mbele inakusanya jua la upana wake wote," alisema. "Inalibana mpaka likitokea nyuma linakuwa tone. Tone hilo ndilo ulilotaka kulitia jichoni."

Basi nikawa mtu wa vifuniko. Sikuacha kamwe theodolaiti bila kufunika lenzi, na kila msaidizi aliyepita mikononi mwangu nilimfundisha kufunga jicho kabla ya kuzungusha chombo. Wengine walinicheka kwamba naogopa jua kama mgeni aliyeshuka kwenye ndege. Niliwaacha wacheke. Niliyatunza macho yangu, na hata leo nasoma gazeti bila miwani, jambo linalomuudhi sana mke wangu. Lakini sikilizeni nilivyokuwa mjinga. Jani lilitoboka mbele yangu, nikaona moto kwa macho hayohayo, na somo nililoondoka nalo kilimani lilikuwa la macho peke yake.

Miaka ilipita. Nilipima Geita, nikapima Nyang'hwale, nikavuka mito iliyokuwa na maji na mingine iliyokuwa na jina tu. Nilijifunza kwamba kigingi cha mti ukikiacha karibu na kijiji, jioni utakikuta jikoni kwa mtu, na kwamba ng'ombe wa Kisukuma hupenda kujikuna kwenye chombo kilichokwisha kusawazishwa. Mihayo alistaafu akarudi kwao Maswa. Mimi nikawa mpimaji mkuu wa kambi ya utafutaji dhahabu magharibi ya Kahama, kampuni ndogo ambayo sitaitaja na ambayo haipo tena.

Kambi ilikuwa na watu kama thelathini. Mpishi wetu alikuwa Mama Kabula, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya bonde. Alipika ugali wa kushiba na samaki wa kukaanga, na hakuruhusu mtu kuingia jikoni kwake na buti. Akiona umechelewa kula alikuwekea sahani na kuifunika kwa sahani nyingine, kisha akakutukana ulipoifunua. Msaidizi wangu aliyeshika fimbo ya kupimia aliitwa Shabani, mtu wa Kigoma, mtaratibu, baba wa watoto wanne.

Wiki hiyo, mwanzoni mwa Oktoba, Shabani alishikwa na malaria. Hema lake lilikuwa kama tanuri, kwa hiyo nikamwambia alale kwenye hema langu la ofisi, lililokuwa linapata upepo. Nje ya mlango wa hema palikuwa na meza yangu ya ramani, imeegemea uzio wa nyasi uliotukinga na vumbi la magari. Asubuhi hiyo nilikuwa nimetoka kutafuta bendera zetu vilimani kwa darubini ya macho mawili, ile kubwa ya kuning'iniza shingoni. Kengele ya chakula ilipolia, upepo ulikuwa unapeperusha karatasi. Nikazirundika, nikaweka juu yake kitambaa cha pamba cha kufutia lenzi, na juu ya kitambaa nikaisimamisha darubini wima, lenzi kubwa zikitazama mbinguni, ili uzito wake uzuie karatasi. Nilijipongeza kwa kuwa mtu wa mpangilio. Nikaenda kula.

Tulikuwa hatujamaliza samaki tuliposikia Mama Kabula anapiga yowe. Tulipotoka kwenye banda la kulia, uzio wa nyasi ulikuwa tayari ukuta wa moto, na turubai la hema langu limeshika upande mzima. Watu thelathini, wanaume wenye mikono ya kuvunja mawe, tulisimama. Nasema kweli, tulisimama. Ndipo nikakumbuka Shabani, na nikafungua mdomo, na sauti haikutoka.

Mama Kabula hakusimama. Alijifunga khanga kichwani, akaingia kwa mlango wa nyuma wa hema, akatoka kinyumenyume akimburuta Shabani kwa miguu. Turubai lililoyeyuka lilikuwa linamdondokea. Alilipangusa kwa viganja vyake kutoka kwenye kifua cha Shabani, akimlilia mama yake kwa Kisukuma, "Mayu we! Mayu we!" huku anaendelea kupangusa. Mara hema likaanguka. Pumzi kumi zaidi na tungezika watu wawili.

Shabani aliungua bega na shingo. Mama Kabula aliungua viganja vyote viwili, na mkono wa kushoto hadi karibu na kiwiko. Wakapelekwa zahanati kwa gari moja, yeye akiwa ameinua mikono mbele kama mtu anayesubiri kubebeshwa kuni.

Jioni ileile meneja wa kambi aliuliza moto umetoka wapi, na wote tukageukia jikoni. Moto ungetoka wapi kwingine? Kambi nzima ilikuwa na jiko moja la kuni, na lilikuwa hatua arobaini kutoka kwenye hema langu. Meneja alinitaka niandike ripoti kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na mwandiko mzuri. Nikaandika: "Chanzo ni cheche kutoka jikoni kwa uzembe wa mpishi." Mama Kabula alituma neno kutoka zahanati kwamba alikuwa amelizima jiko na kulimwagia maji kabla ya kupiga kengele. Shabani naye alisema alisikia kitu kikitatarika upande wa meza. Nikasema homa hiyo. Mama Kabula akaachishwa kazi akiwa bado na bandeji.

Na sasa nawaambia jambo linalonitia aibu kuliko yote. Siku ile upepo ulikuwa unavuma kutoka hema langu kwenda jikoni. Bendera ya kambi ilionyesha hivyo, moshi ulionyesha hivyo, na mimi, niliyelishwa na kuvishwa kwa kazi ya kujua kitu kiko upande gani wa kingine, sikujiuliza cheche iliwezaje kutembea hatua arobaini ikipingana na upepo. Darubini niliikuta kwenye majivu, mabomba mawili meusi. Niliiandika katika orodha ya mali iliyoungua.

Mwaka mmoja na miezi kadhaa baadaye, mwezi Machi, nilikuwa nimehamishiwa ofisi yetu ya Shinyanga mjini. Tulikuwa tunajiandaa kwenda porini, na mtunza stoo wetu, Bi Tatu, alikuwa ametandaza vifaa uani ili avihakiki. Vitu vidogo alivipanga juu ya boksi lililokunjuliwa. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi nafunga kamba za buti.

"Bwana Nkwabi," aliniita, "nani anavuta sigara huku?"

Hakuna aliyekuwa anavuta. Bi Tatu akanusa hewa, akainama, akanyanyua darubini mpya aliyokuwa ameisimamisha wima juu ya boksi.

"Ee Mola wangu! Njoo uone!"

Nilikwenda. Kwenye boksi palikuwa na matundu mawili ya duara, yamekaa pamoja kama macho, kingo zake nyeusi, na kutoka kwenye moja moshi ulikuwa bado unapanda. Upepo kidogo ukapita. Lile tundu likawaka mwali mdogo wa rangi ya chungwa. Bi Tatu akaukanyaga kwa ndala.

Sikumbuki kuketi. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa chini, juu ya kokoto, na Bi Tatu ananiuliza kama nimekula asubuhi. Nilitazama saa yangu. Ilikuwa saa saba kasoro dakika chache. Huku kwetu, Machi na Oktoba, jua hupita utosini kabisa karibu na saa hizo. Ni siku chache tu kwa mwaka, na katika siku hizo ni dakika chache tu, ndipo jua huingia moja kwa moja katika darubini iliyosimamishwa wima. Mimi niliyajua hayo yote. Nilikuwa nayafundisha.

Nikaomba kitambaa cha pamba. Nikakiweka juu ya karatasi, nikaisimamisha darubini juu yake, nikasubiri. Vile vikombe vya mpira ambamo macho hukaa viliinua lenzi kwa kimo kilekile cha jicho, yaani pale hasa ambapo tone la jua ni kali kupita kote. Kitambaa kikaanza kuwa kahawia. Hakikutoa mwali, kililiwa taratibu kwa ndani, kama pamba inavyoliwa, mpaka nilipokipepea kwa kofia. Kikawaka na kurukia karatasi. Bi Tatu ndiye aliyemwaga maji.

"Umeona nini wewe?" aliuliza.

"Nimeona mtu niliyemsingizia," nikamjibu.

Nilikwenda kwa meneja wetu pale Shinyanga wakati uleule, na vumbi lote la kokoto kwenye suruali. Alisikiliza, akavua miwani, akaitazama miwani yenyewe kwa mashaka kidogo, kisha akasema, "Faili lile lilishafungwa, Nkwabi. Unataka ulifungue likugeukie wewe?" Nikamwambia ndiyo. Akaniomba nilale nalo. Nililala nalo siku mbili, kesho yake nikaleta barua ya kurekebisha ripoti, nimeiandika kwa mkono. Alikataa kuigonga muhuri. Nikaileta tena. Wiki ya pili akagonga, na siku hiyohiyo akanipa barua yangu ya onyo, ambayo ilikuwa haki yangu.

Kumpata Mama Kabula hakukuwa kazi. Kila niliyemuuliza Kahama alimjua, ila si kwa jina hilo. "Yule aliyechoma kambi?" waliniuliza. "Yuko Isaka." Kila nilipolisikia jambo hilo, nilihisi kama nimepigwa kofi na mtu ambaye sikumwona akija. Hakuna kambi iliyokubali kumpa kazi tena. Habari ilikuwa imetangulia kila mlango aliobisha, na habari hiyo ilikuwa na mwandiko wangu.

Nilimkuta kwenye mgahawa wa wifi yake karibu na maegesho ya malori yanayosubiri mizigo ya kwenda Rwanda na Burundi. Madereva walikuwa wanakula. Yeye alikuwa anapanga vikombe, na niliona kwamba vidole vya mkono wa kushoto havikunjiki. Alivishika vikombe kwa kuvikumbatia na kifundo cha mkono. Aliniona, akaendelea kupanga mpaka kikombe cha mwisho.

"Mwangaluka, Bwana Mpima," alinisalimu kwa Kisukuma. "Umekuja kula, au umekuja kuandika?"

Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima kutoka Shinyanga. Yote yakapotea. "Mama Kabula, moto ule niliuwasha mimi."

Wifi yake akageuka. Dereva mmoja akaacha kutafuna.

"Uliuwasha vipi? Ulikuwa banda la kulia. Mimi mwenyewe nilikupakulia."

"Kwa darubini. Niliiacha mezani, jua likapita ndani yake."

Nikaona hasira inampanda taratibu. "Bwana Mpima, mimi sikusoma sana. Lakini usinidhihaki. Umenitoa kazini kwa cheche iliyopinga upepo, sasa unaniletea moto wa miwani?"

Kumbe upepo aliujua. Aliujua tangu siku ile.

Nilitoa darubini kwenye mfuko na kumwomba kipande cha khanga ya zamani. Wifi yake alileta kitambaa cha kufutia meza. Tukatoka nje, madereva nyuma yetu, wengine na vijiko mkononi. Nikawaomba mtu yeyote asithubutu kuchungulia mle ndani, mimi mwenyewe nikaangalia chini. Niliizungusha darubini nikifuata kivuli chake mpaka kivuli kikawa kifupi kabisa, matone mawili meupe yakatua juu ya kitambaa. Hapakuwa na kiberiti, wala mkaa, wala mtu anayevuta. Moshi ukatoka. Dereva mmoja akasema, "Haiwezekani," na akaweka kiganja chake chini ya lenzi ajihakikishie. Akaruka nyuma akitoa neno ambalo siliandiki hapa.

Mama Kabula alikitazama kitambaa kinavyoliwa, kisha akatazama viganja vyake, akavigeuza, akavitazama tena. Halafu akaketi kwenye benchi kama mtu aliyesukumwa, na akaanza kulia bila sauti, mdomo wazi. Wifi yake alimshika bega. "Dada," alisema, "na mimi nilidhani… Nisamehe. Na mimi nilidhani ni wewe." Hapo ndipo sauti ilipomtoka Mama Kabula. Mpaka ndani ya nyumba aliyokuwa anakula na kulala, alikuwa ameishi na ripoti yangu.

Barua ile ilimfaa baadaye. Kambi moja karibu na Bukombe ilimchukua kuwa msimamizi wa jiko, mwenye wasaidizi wa kushika sufuria kwa niaba yake, na nasikia ndiye aliyekuwa anakusanya darubini zote za wapimaji mchana na kuzifungia kabatini, mpimaji awe mkubwa awe mdogo. Shabani alipona, akarudi Kigoma. Naye nilimwandikia, akanijibu kwa mistari miwili kwamba amesikia na kwamba bega bado linamvuta wakati wa baridi. Vidole vya Mama Kabula havikukunjika tena. Sikusamehewa kwa maneno siku ile wala siku nyingine, na sijaomba mara ya pili.

Lakini siku ile pale Isaka, alipomaliza kulia, nilimkabidhi ile barua yenye muhuri. Alinirudishia.

"Soma wewe. Kwa sauti, hawa wasikie."

Nikasimama kati ya meza. Nikasoma kwamba ripoti ya awali ilikuwa na kosa. Kwamba moto ulianzia kwenye meza ya ramani, kutokana na darubini iliyoachwa juani na mpimaji mkuu. Kwamba jiko lilikuwa limezimwa. Nikasoma kwamba Bi Leokadia Maganga aliingia motoni na kuokoa uhai wa mtu. Katika ripoti yangu ya kwanza nilikuwa nimemwita "mpishi" tu. Miaka miwili nilikula mkononi mwake, na jina lake nililipata kwa kumuuliza karani siku niliyoandika barua hiyo.

Nilipofika mwisho nikaanza kuikunja. Mama Kabula alijifuta uso kwa mkono uliopona vizuri zaidi, akainua kichwa.

"Usikunje," alisema. "Rudia pale penye jina langu."